Siri Nyuma ya Meno

Swali nitakalo kulijadili hapa laonekana dogo, na yamkini msomaji atatabasamu alisikiapo. Wala tabasamu hilo halitaharibu kitu, maana ndilo maudhui yetu. Swali ni hili: mtu ayanyooshapo meno yake kwa chombo kilichofichwa nyuma ya meno, hata jamaa zake wasijue kwamba yananyooshwa, je, amemdanganya mtu yeyote? Na kama hakumdanganya mtu, je, kuna aliyemnyima kitu alichokuwa na haki nacho?

Wako watakaosema kwamba meno ni ya mwenyewe, na mwenye mali haulizwi. Jibu hilo ni jepesi mno. Meno ni ya mwenyewe, lakini tabasamu ni la wenzake; yeye mwenyewe halioni ila kwa kioo. Kwa hiyo tusilimalize shauri kabla ya kulifungua.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Ufundi wa kuyasukuma meno si mpya. Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa udaktari wa meno wa nyakati hizi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1728 utepe wa madini uliofungwa kwenye meno kwa nyuzi ili kuyavuta yarudi mstarini. Mmarekani Edward Angle aliutia ufundi huo katika mizani mwaka 1899, alipoyagawa makosa ya mkutano wa meno ya juu na ya chini katika mafungu ambayo wanafunzi wa fani hiyo wangali wakijifunza hata leo. Lakini nyaya zote hizo zilikaa mbele, machoni pa watu. Katika miaka ya 1970 ndipo walipotokea watu wawili, Kinya Fujita katika Japani na Craven Kurz katika Marekani, kila mmoja akishughulika upande wake wa bahari, wakaziingiza nyaya nyuma ya meno, upande wa ulimi. Sababu zao hazikuwa moja. Fujita yasemekana aliwafikiria wacheza michezo ya mapigano, ambao pigo moja la mdomoni lingewachana midomo juu ya chuma. Kurz aliwahudumia watu wazima wa Beverly Hills, waliotaka kunyooka bila kuonekana wakinyooshwa. Mmoja alikimbia ngumi, mwingine alikimbia jicho.

Kazi yenyewe ni ya subira. Vipande vidogo vya chuma hugandishwa kwa gundi nyuma ya kila jino, waya hupitishwa ndani yake, na waya huo, kwa kuwa daima wataka kulirudia umbo lake, hulisukuma jino polepole. Mfupa wa taya upande jino liendako huliwa, na upande litokako hujengwa upya. Basi jino halisogei kama kigingi kivutwacho katika mchanga, bali mfupa wenyewe hubomoka na kujengeka ili kulipisha. Mwendo ni kama milimita moja kwa mwezi, na mara nyingi pungufu. Mtu hukaa na nyaya hizo mwaka mmoja na nusu, miwili, au zaidi. Nyaya za nyuma aghalabu ni ghali kuliko za mbele, kwa sababu migongo ya meno haina sura moja, na vipande vyake mara nyingi hufanywa kwa kipimo cha kinywa kimoja tu. Na daktari naye hufanya kazi yake kwa shida, shingo imepinda, akitazama katika kioo kidogo.

Kwa mwalimu wa lugha kuna jambo la kuchekesha hapa, nami siwezi kulipita. Siri hii hulindwa na midomo, lakini husalitiwa na ulimi. Sauti nyingi za Kiswahili huzaliwa pale pale palipowekwa chuma: t, d, n, l, s na z zote zahitaji ulimi ufike nyuma ya meno ya juu au karibu na ufizi wake. Katika majuma ya kwanza ulimi hugonga vyuma, huchubuka, na s hulegea ikakaribia th. Neno siri lenyewe hugeuka thiri kinywani mwa mwenye siri. Mtu wa bara ambaye maisha yake yote amesema zahabu na selasini hujikuta akitoa dh na th bila kufundishwa na mwalimu wa chuo. Na Mmombasa, ambaye katika lahaja yake t ya menoni na t ya ufizini ni sauti mbili zitenganishazo maneno, atapata taabu kuliko wengine. Baadaye ulimi hujifunza njia mpya, na mambo hutulia. Lakini kwa majuma hayo machache mwenye kuficha hana budi kunyamaza, au kusema kwamba ameungua na chai. Hapo ndipo uwongo wa kwanza uzaliwapo, ikiwa utazaliwa.

Sasa tuutazame mji wetu. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, Mbagala na Tandika upande wa Temeke, Mwananyamala na Tegeta upande wa Kinondoni, nyaya za meno zimekuwa jambo la kuonekana. Ukipanda daladala utamwona kijana acheka, na jua lang'aa katika kinywa chake. Madaktari wa meno wamekuwa wakifunzwa Muhimbili tangu mwaka 1979, na jambo ambalo babu zetu wangalilifuata Ulaya sasa laweza kushughulikiwa mjini mwetu, kwa mwenye uwezo. Kwa nini basi mtu atake kulificha?

Sababu moja ni umri. Nyaya zimehesabiwa kuwa kitu cha watoto, na mtu mzima azivaaye huonekana kama aliyerudi shule na kaptura yake. Sababu ya pili ni fedha, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa. Nyumba za uswahilini zina kuta nyembamba na ua mmoja. Wali ukipikwa kwa nazi wapangaji wote wajua. Avaaye nyaya za mbele amevaa hesabu yake ya benki mdomoni. Mwenye nyumba atafikiri juu ya kodi, jamaa watakuja kukopa, na shemeji ataulizia ile ada ya mtoto aliyoambiwa kwamba haikupatikana. Siri hapa si ya uso tu, ni ya mfuko. Na mimi simlaumu kwa haraka mtu alindaye mfuko wake katika ua wa wapangaji wanane.

Wala tusidhani kwamba chuma kina aibu kwa asili yake. Katika Thailand vijana walianza kuvaa nyaya za bandia, zisizonyoosha jino hata moja, kwa sababu nyaya za kweli zilikuwa dalili ya utajiri. Serikali ya huko ikalazimika kuzipiga marufuku, maana ziliwadhuru wavaaji. Tafakari jambo hili. Mmoja atoa fedha nyingi ili chuma chake kisionekane, na mwingine ahatarisha afya yake ili aonekane na chuma asichokihitaji. Wote wawili ni watumwa wa jicho lile lile, ila mmoja alikimbia na mwingine aliita.

Nikiishia hapa, jambo litakuwa la majivuno na majirani tu, na pengine halitastahili insha. Lakini nilisimuliwa kisa na mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwalimu wa shule ya msingi huko Mbagala, ambacho kilinionyesha kwamba chini yake kuna jambo zito. Binti huyu alizaliwa na meno ya chini yaliyopandana, na meno ya juu yaliyosongamana ubavuni, chonge moja ikatoka nje ya safu. Lakini katikati, baina ya meno mawili ya mbele, alikuwa na mwanya. Bibi yake mzaa mama, aishiye Kilwa, alikuwa nao pia, na mama yake marehemu vilevile. Alipokwenda kumwamkia bibi siku ya Idi alimweleza nia yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona wajifunika kinywa ukicheka?"

"Meno, bibi. Yamekaa vibaya. Nataka niende kwa daktari ayanyooshe."

"Yakuuma?"

"Hayaumi."

"Na mwanya?"

Binti hakujibu, maana alikuwa hajamwuliza daktari. Bibi akasema, "Huo si wako peke yako. Mama yako aliuchukua kwangu. Nikikutazama ukicheka, namwona yeye."

Daktari alipoulizwa alieleza jambo ambalo ni la hesabu tupu: meno yaliyosongamana yanahitaji nafasi, na mwanya ni nafasi. Ama mwanya utumike, ama jino moja la ubavuni ling'olewe. Binti hakutaka kung'olewa jino zima. Akachagua nyaya za nyuma, ziwe ghali namna gani, akazilipia kidogo kidogo kwa mshahara wa ualimu. Na sababu yake haikuwa wanafunzi wala wapangaji, ilikuwa bibi. Alitaka mwanya ufungike polepole, milimita kwa milimita, toka Idi hii hata Idi ile, kama mtoto akuavyo bila mtu kumwona akikua, ili bibi asiwe na siku hata moja ya kusema, leo umeondoka.

Msomaji aweza kuliita tendo hilo udanganyifu, na aweza kuliita huruma. Mimi naona yote mawili yamo, na kwamba si rahisi kuyatenganisha, kama yalivyokuwa si rahisi kuyatenganisha meno yale. Lakini nataka tuangalie kwamba hapa siri inafichwa kwa mtu mwenye dai. Wapangaji wa uani hawana dai juu ya kinywa cha mtu. Bibi anacho kitu ndani ya kinywa kile: kumbukumbu ya mwanawe.

Lugha yetu yenyewe inamtetea bibi. Kiswahili hakikuuweka mwanya na pengo katika kapu moja. Pengo ni hasara, ni mahali palipokuwa na kitu kikaondoka. Mwanya ni uwazi uliokuja na mtu, nao husifiwa. Twasema pia kwamba mtu amepata mwanya wa kusema au wa kupita, yaani nafasi njema. Katika orodha za madaktari, uwazi huo huhesabiwa miongoni mwa mambo yawezayo kurekebishwa. Katika Kilwa ni pambo lisilonunuliwa. Basi ila ni nini, na nani mwenye kalamu ya kuiandika?

Swali hilo lina historia ndefu katika pwani yetu kwa njia ya dini. Imepokewa kwa Ibn Masud, katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, kwamba Mtume aliwalaani wanawake watiao mianya katika meno yao kwa ajili ya uzuri, jambo lililohesabiwa kuwa ni kubadili umbo aliloliumba Mungu. Wafafanuzi walieleza kwamba mianya ilikuwa dalili ya usichana, na kwamba mwanamke aliyekwisha kupita umri huo aliyachonga meno yake ili adhaniwe bado mdogo. Ajabu iliyoje: kosa lililokemewa lilikuwa kuufungua mwanya, na binti wetu wa Mbagala ana wasiwasi wa kuufunga. Wanazuoni wengi wa zama hizi huruhusu kunyoosha meno yaliyopinda, wakisema kwamba kuondoa ila si sawa na kujiongezea uzuri. Nao hukumbusha habari ya Arfaja, aliyepoteza pua yake vitani, akatengeneza pua ya fedha ikanuka, kisha akaruhusiwa kutengeneza ya dhahabu. Pua ile, msomaji, haikufichwa nyuma ya kitu. Ilikuwa katikati ya uso, tena inang'aa.

Naona mpaka huo baina ya ila na pambo ni wa busara, lakini hautoshi. Katika kinywa kimoja, kwa waya mmoja, binti aliondoa ila mbili na akapoteza pambo moja. Hakuna qadhi awezaye kuukata waya huo vipande, hiki halali na hiki makuruhu. Mpaka husaidia pale tu mambo yanapokuja yakiwa yametengana, na kinywani yalisongamana.

Mababu wa nchi hizi waliyashughulikia meno bila siri kabisa. Wamakonde walichonga meno ya mbele yakawa na ncha. Wamaasai walikuwa wakiyang'oa meno mawili ya katikati ya chini, na Wajaluo sita. Wengine husema kwamba nafasi hiyo ilisaidia kumlisha mgonjwa wa pepopunda ambaye taya zake zimefungana. Iwe hivyo au isiwe, meno yale yalikuwa kitambulisho. Maumivu yalionekana, na watu walishuhudia. Mtu alirudi nyumbani akiwa amebadilika, na kila mtu alijua nani kambadilisha na kwa nini. Sisemi kwamba mila hizo zirudi. Jino zima la mtu mzima mwenye afya lisingolewe kwa jiwe. Nasema tu kwamba meno yalikuwa mali ya jamii, yakapimwa kwa macho ya jamii, na maumivu yakalipwa hadharani kwa heshima. Mvaa nyaya za siri huumia peke yake kwa kipimo kilekile cha macho ya watu, lakini bila heshima ile. Amebeba mzigo wa jando bila ngoma yake.

Sasa turudi kwenye uwongo. Plato, katika mazungumzo yaitwayo Gorgias, anamfanya Socrates aseme kwamba mapambo ni sura ya bandia ya mazoezi ya mwili: mazoezi humpa mtu uzuri ulio wake, na mapambo humvika uzuri wa kuazima mpaka akausahau wake. Tukiipokea mizani hiyo, nyaya za nyuma zinasimama upande wa mazoezi. Wigi likivuliwa nywele ni zile zile. Mkorogo ukiachwa ngozi hudai deni lake kwa riba. Lakini jino lililonyooka ni jino lile lile alilozaliwa nalo mtu, limesimama katika mfupa wake mwenyewe uliojengwa kwa damu yake mwenyewe. Uzuri huo haukuazimwa.

Upo pia mfano wa sokoni. Mtume, yasimuliwa, alipita penye lundo la chakula, akatia mkono ndani akakuta unyevu chini ya kile kikavu, akamkemea mwuzaji aliyeificha ila. Mkono ule ni kipimo kizuri. Mtu akitia mkono katika tabasamu lililokwisha kunyooshwa, hatakuta unyevu. Kilichofichwa hapa si kasoro ya mali. Ni kazi iliyofanywa kuiondoa. Tofauti hiyo naiona kubwa, na wengi waliokwisha kuwahukumu wanyoshao meno kwa siri hawakuiona.

Hata hivyo kuna mtu mmoja anayeweza kudai hata historia ya kazi hiyo, naye ni mchumba. Utani wa mjini husema kwamba mume atashangaa watoto wakizaliwa na meno ya babu yao. Utani huo una ukweli ndani yake, maana umbo la taya hurithiwa kwa kiasi fulani, na waya haubadili kile kitakachopewa mtoto. Lakini ndoa si ununuzi wa mbegu. Mchumba hana haki ya kupewa orodha ya kila jeraha lililopona. Anayo haki ya kutojibiwa uwongo akiuliza. Akisema, "Meno yako mazuri," inatosha kusema ahsante. Akisema, "Ulizaliwa nayo hivyo?" basi jibu la "Ni yangu" ni kweli ambayo imevaa nguo za uwongo, nami sioni kwamba mtu mwenye kujiheshimu ataridhika nayo.

Nimefika sasa penye hoja nzito kuliko zote, nayo si ya bibi wala ya mchumba, ni ya mtoto wa jirani. Kila mwenye meno yaliyonyooshwa kwa siri huongeza katika mtaa idadi ya watu wanaoonekana kuwa wamezaliwa wamenyooka. Mtoto wa Tandika mwenye meno yaliyopandana hutazama huku na huku, asione nyaya, asione gharama, asione miaka miwili ya kuchubuka ulimi. Huona tu kwamba Mungu amewapa wengine na kumnyima yeye. Nyaya za mbele, pamoja na majivuno yake yote, humwambia mtoto ukweli: uzuri huu ulifanywa, umelipiwa, na una mwanzo na mwisho wake. Katika hadithi ya Plato, mchungaji Gyges alipata pete iliyomfanya asionekane, akaitumia kwa dhulma. Mvaa nyaya za siri hakumdhulumu mtu kwa kukusudia. Lakini kutoonekana kuna matokeo yake hata kwa mwema.

Ili jambo hili lisionekane la kubuni, nitoe mfano wa meno mengine. Katika Dar es Salaam twawajua watu wa Arusha na Meru kwa rangi ya meno yao, ya kahawia, pengine na vishimo. Si uchafu, na msuaki hauiondoi. Maji ya nchi ile, yatokayo katika miamba ya volkano, yana floraidi nyingi, na magadi yatumiwayo kulainishia maharage huongeza nyingine. Mtoto ayanywaye miaka ile meno yake yatengenezwapo ndani ya ufizi, hutoka nayo yakiwa yamekwisha kutiwa alama. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kipimo cha Tanzania, kwa kuwa maji mengine yalikosekana, hata katika miaka ya 2000 kiliruhusu mpaka miligramu 4. Huko Ngurdoto kilianzishwa kituo cha kutafiti namna ya kuisafisha floraidi hiyo kwa mkaa wa mifupa.

Sasa fikiri juu ya kijana wa Arumeru aliyekuja kufanya kazi Kinondoni. Hucheka mkono u mdomoni. Akipata fedha ataenda kwa daktari, meno yake yatavikwa ngozi nyembamba ya kauri, na mtu hatajua tena alikotoka. Nani atamlaumu? Mimi simlaumu. Lakini kila kinywa kifunikwacho hivyo ni shahidi mmoja aliyeondoka barazani. Meno yale ya kahawia yalikuwa yakisema jambo ambalo halikuwa la mtu mmoja. Yalikuwa yakisema habari ya kisima. Wenye uwezo wakitibiwa kimya kimya na wakakaa kimya, wabakio na alama ni maskini peke yao, na alama ya maji hugeuka kuwa alama ya umaskini. Kisima kinabaki kama kilivyo, na watoto wengine wanateka.

Meno yaliyopinda hayana kisima nyuma yake kwa namna hiyo, na sitaki kuuvuta mfano kupita urefu wa kamba yake. Lakini hata hapa kuna habari ya watu wote: ya hospitali za wilaya ambako kwa mtu wa kawaida tiba ya jino ni kung'olewa, ya wazazi wasiojua kwamba jino la utoto likitolewa mapema mno laweza kuacha jirani zake wainame, na jino la ukubwa likakosa mahali, ya bei. Aliyenyooka kwa siri anazijua habari hizi kuliko mwingine yeyote mtaani, maana alizilipia. Hivyo mimi namruhusu kuificha waya yake, na sioni dhambi katika hilo. Simruhusu kuificha elimu yake. Akimwona mtoto wa jirani anajifunika kinywa, haki ya faragha aliyokuwa nayo juu ya wapangaji inapungua mbele ya mtoto yule. Si lazima apige mbiu. Yatosha amwambie, yangu pia yalikuwa hivi.

Na kuhusu bibi wa Kilwa, nitasema bila kuzungukazunguka kwamba alistahili kuambiwa. Hakustahili kukataza, kinywa ni cha mjukuu, na kutafuna ni kwake. Lakini aliye na kumbukumbu yake ndani ya uso wa mtu astahili kupewa siku ya kuiaga. Kumwondolea kitu polepole ili asione kikiondoka ni huruma imwonayo kuwa dhaifu kuliko alivyo, na wazee waliozika watoto wao si dhaifu.

Limebaki jambo moja la ufundi ambalo wanaozisifu nyaya za siri hawalisemi sana. Meno yakiisha kunyooka hayasahau mahali yalipotoka. Nyuzi zilizomo katika ufizi huyavuta yarudi, na kwa hiyo, siku nyaya ziondolewapo, mtu hupewa chombo kingine cha kuyashikilia: ama waya mwembamba ugandishwao nyuma ya meno ya mbele kwa miaka mingi, ama kifaa cha kuvaliwa usiku. Wavaao cha usiku huambiwa wakivae kwa muda mrefu, na madaktari wengine husema wakivae maadamu wayataka meno yakae yalipo. Kwa hiyo siri iliyokusudiwa kudumu miaka miwili huingia katika chumba cha ndoa. Bibi arusi ataiweka pamoja na vitu vyake, ndani ya kijaluba kidogo cha plastiki, karibu na wanja na manukato. Na usiku mmoja, taa haijazimwa, bwana arusi atakifungua kijaluba kile akidhani kina hereni.